Miwani ya progresivu: Taabu ya kuvumilia na ile ya kurudisha dukani

MTU anayevaa miwani ya lenzi za progresivu kwa mara ya kwanza huona sakafu ikiyumba, ngazi zikionekana karibu au mbali kuliko zilivyo, na kingo za milango zikipinda kila anapogeuza kichwa. Wengine hupatwa na kizunguzungu. Si ajabu kwamba baadhi yao huirejesha miwani hiyo katika kifuko chake kabla ya wiki kwisha, ingawa imewagharimu fedha nyingi kuliko miwani ya kawaida.

Hata hivyo, taabu za siku hizo za mwanzo si za aina moja. Ipo inayotokana na umbile la lenzi yenyewe, na hiyo ubongo huizoea. Ipo pia inayoletwa na makosa ya upimaji au ya uwekaji wa lenzi ndani ya fremu, na hiyo haizoeleki hata mtu avumilie mwaka mzima.

Haja ya miwani hii huanza katika umri wa miaka 40 hivi, wakati lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho inapokakamaa na kushindwa kubadilika kwa ajili ya vitu vya karibu. Mtu huanza kulisogeza gazeti mbali na uso ili alisome. Ikiwa tayari alikuwa na miwani ya kuonea mbali, hujikuta akihitaji ya pili.

Katika karne ya 18, Benjamin Franklin wa Marekani alieleza miwani aliyotengenezewa kwa vipande viwili vya kioo, cha juu kwa mbali na cha chini kwa karibu. Miwani ya namna hiyo, yaani baifokali, ingali inauzwa. Kisha mwaka 1959 lenzi ya Varilux, iliyobuniwa na mhandisi Mfaransa Bernard Maitenaz, iliingia sokoni bila mstari wa kugawanya sehemu hizo mbili.

Katika lenzi ya progresivu, sehemu ya juu ni ya kuonea mbali, na ya chini kabisa ni ya kusomea kitu kilicho umbali wa sentimita 40 hivi. Kati yake kuna ujia mwembamba ambamo nguvu ya lenzi huongezeka kidogo kidogo, unaofaa kwa kompyuta au bidhaa zilizo kwenye rafu. Lakini nguvu haiwezi kubadilika hivyo bila gharama. Pande za kushoto na kulia za sehemu ya chini hubaki na ukungu unaopotosha maumbo. Lenzi za bei ya juu huupunguza ukungu huo au kuusambaza. Muuzaji anayeahidi kwamba haupo kabisa anauza maneno.

Ndiyo maana mvaaji hushauriwa kugeuza kichwa badala ya kuzungusha macho tu. Anayetaka kutazama kioo cha pembeni cha gari aelekeze pua huko. Anayesoma ashushe macho, si kidevu. Miwani ivaliwe tangu asubuhi, na ile ya zamani iwekwe kando, kwani kubadilisha badilisha huurudisha ubongo mwanzo. Ni busara pia kutoendesha gari mpaka macho yatulie. Wengi huzoea katika siku chache hadi wiki mbili, ingawa wapo wanaochukua mwezi.

Dalili za kosa ni tofauti. Mtu anayelazimika kuinamisha kidevu ndipo aone mbali vizuri huenda lenzi zake zimewekwa juu mno. Anayelazimika kuinua kidevu au kuipandisha miwani kwa kidole ndipo asome, huenda zimewekwa chini mno, au fremu inateleza puani. Na anayeona sawasawa pale tu anapogeuza uso upande mmoja, huenda umbali kati ya mboni zake ulipimwa vibaya.

Fremu iliyolegea fundi huikaza kwa dakika chache. Kosa la kipimo huhitaji lenzi mpya, na mteja ana haki ya kulidai mapema. Lenzi hizi huwa na alama hafifu zilizochongwa, ambazo mtaalamu huzitumia kukagua kama kitovu cha lenzi kimelingana na mboni. Mteja aombe ukaguzi huo akiwa ameivaa miwani, amesimama wima na kutazama mbele. Atahadhari pia na fremu fupi mno, kwani hukata sehemu ya kusomea.

Penye hatari kubwa zaidi ni ngazini. Anayeshuka huangalia chini, macho yakapitia sehemu iliyotengenezewa umbali wa kitabu, ilhali kidato kiko zaidi ya mita moja. Ukingo wake hufifia. Dawa ni kuinamisha kichwa ili macho yapitie sehemu ya juu, na kushika mhimili.

Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la BMJ ulichunguza wazee wapatao 600 waliozoea lenzi za nguvu zaidi ya moja. Waliopewa miwani ya ziada ya kuonea mbali pekee, na ambao hutoka nje mara kwa mara, walipunguza kuanguka. Kwa wale wasiotoka sana, visa vya kuanguka nje viliongezeka. Kwa hivyo mzee anayetembea sana anaweza kumuuliza mtaalamu kuhusu miwani hiyo ya pili, lakini ushauri huo haumfai kila mtu.

Kuona kitu kimoja kuwa viwili ghafla, mimweko ya mwanga, maumivu ya jicho au pazia jeusi machoni si mambo ya kusubiri wiki mbili. Hayo ni ya kupelekwa kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.