Komeo la Chuma na Komeo la Hesabu

Kompyuta haina mkono. Kazi yake ni kupokea tarakimu na kutoa tarakimu, na hata iwe na kasi ya namna gani haiwezi kwa nafsi yake kufungua mlango wala kuzima taa. Mkono huazimwa: swichi, mota na sumaku huunganishwa nayo kwa nyaya, na programu ikiandika tarakimu fulani mahali fulani, kitu cha nje hujongea. Jicho nalo huazimwa vivyo hivyo, kwa maana programu haijui kama kitu kimejongea kweli mpaka iletewe habari na swichi nyingine. Baina ya kutolewa kwa amri na kutimia kwa tendo hupita muda, ambao kwa mtu ni kufumba na kufumbua, bali kwa kompyuta ni mrefu mno. Katika historia ya mwanya huo hapana mfano ulio wazi, wala wenye huzuni, kuliko ule wa mtambo ulioitwa Therac-25, ambao baina ya Juni 1985 na Januari 1987 uliwaunguza wagonjwa sita wa Marekani na Kanada.

Mtambo huo ulitengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, Atomic Energy of Canada Limited, ukaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1982. Kumi na mmoja ndiyo iliyowekwa hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuzipa elektroni mwendo mkubwa na kuzielekeza penye saratani. Saratani ikiwa karibu na ngozi, elektroni zenyewe zilitumika, zikitawanywa na sumaku. Ikiwa ndani ya mwili, elektroni zilipigizwa kwenye kipande cha madini ili igeuke kuwa eksirei. Na kwa kuwa nguvu nyingi hupotea katika mgeuko huo, mkondo wa elektroni ulihitajiwa uwe mara 100 hivi kuliko ule wa kwanza. Vifaa vya njia hizi mbili vilikaa juu ya sahani moja inayozunguka. Usalama wote wa mgonjwa ulitegemea jambo moja: mkondo mkubwa usipite hata kidogo kabla kile kipande cha madini hakijakaa mbele yake.

Ndugu zake wakubwa, Therac-6 na Therac-20, walikuwa wametengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Ufaransa iitwayo CGR. Nao walikuwa na kompyuta ya namna ya PDP-11, walakini kompyuta hiyo ilikuwa msaidizi tu. Ulinzi ulikuwa wa chuma na umeme: swichi, nyaya na fyuzi zisizomtegemea msaidizi huyo kwa lolote. Katika Therac-25 wengi wa walinzi hao waliondolewa, na zamu yao ikapewa programu. Programu hiyo iliandikwa na mtu mmoja kwa muda wa miaka kadhaa, na sehemu zake zilirithiwa kutoka mitambo ya kwanza. Kampuni ilipofanya hesabu ya hatari mwezi wa Machi 1983, makosa ya uandishi wa programu hayakuingizwa, kwa hoja kwamba majaribio mengi yalikwisha yapunguza. Hata hivyo uwezekano wa kompyuta kuchagua nguvu isiyostahili ulipewa tarakimu yake: moja katika bilioni mia moja. Ni vigumu kujua mizani gani ingeweza kupima uzito mdogo hivyo.

Ajali ya kwanza ilitokea Marietta, katika jimbo la Georgia, mwezi wa Juni 1985. Mwanamke mmoja alisema palepale kwamba ameunguzwa, akajibiwa kuwa haiwezekani. Mwezi uliofuata, huko Hamilton katika Kanada, mtambo ulisimama mara kwa mara ukionyesha kwamba haukutoa mionzi yoyote, na kila mara mwendeshaji alibonyeza herufi P ili uendelee. Mionzi ilikuwa imetoka. Mafundi wa kampuni hawakuweza kulifanya kosa hilo lirudi. Wakashuku swichi ndogo ya kuonyesha mahali pa sahani, wakairekebisha, wakatangaza kwamba usalama umeongezeka zaidi ya mara laki moja.

Yaliyotokea Tyler, katika jimbo la Texas, ndiyo yaliyofunua siri. Tarehe 21 Machi 1986 mwendeshaji hodari, aliyekwisha kuuzoea mtambo, aliandika X ya eksirei mahali palipopasa E ya elektroni. Akaligundua kosa, akarudi juu kwa kitufe, akasahihisha, akashuka upesi. Kiwambo kikaonyesha kila kitu sawa. Alipoamuru mionzi, mtambo ukasimama na kutoa neno lisilofafanuliwa: hitilafu namba 54. Kiwambo kilidai kwamba mgonjwa amepata mionzi kidogo kuliko aliyoandikiwa, basi akabonyeza P. Asihukumiwe kwa haraka. Mtambo ule uliweza kulalamika mara 40 kwa siku moja pasipo madhara, na aliyeitwa bure mara nyingi kiasi hicho hukoma kushtuka. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, kamera ya chumbani ilikuwa haikuunganishwa, na chombo cha kusikilizia kilikuwa kibovu. Mgonjwa aliona kama amepigwa na umeme mgongoni. Akajaribu kuinuka, likampiga pigo la pili mkononi. Akaenda kuugonga mlango kwa ngumi. Dawa yake ya siku hiyo ilipasa kuwa rad 180, na baadaye ilikadiriwa kwamba alipata baina ya 16,500 na 25,000. Alifariki baada ya miezi mitano. Mafundi walikuja, hawakuona kitu, na mtambo ukarudishwa kazini tarehe 7 Aprili. Siku nne baadaye mgonjwa mwingine alipigwa vilevile, naye akafa katika muda wa wiki tatu.

Mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, hakuwangoja tena mafundi. Alikaa na mwendeshaji, wakarudia kila kitufe kama kilivyobonyezwa, mpaka hitilafu namba 54 ikatokea wapendapo. Siri ilikuwa wepesi wa vidole. Sumaku za mtambo zilichukua sekunde 8 hivi kujipanga, na katika muda huo programu haikutazama tena kilichoandikwa. Aliyesahihisha ndani ya sekunde hizo alisahihisha kiwambo na sahani, bali mkondo ulibaki ule mkubwa wa eksirei. Sahani ilikaa kwa ajili ya elektroni. Kipande cha madini hakikuwapo njiani. Mafundi wa kampuni walikuwa wakiandika polepole, kwa uangalifu, na kwa sababu hiyo hawakuona neno.

Habari hizo zilipofika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafizikia Frank Borger alikumbuka ajabu iliyokuwa ikitokea pale. Walikuwa na Therac-20, ile ya zamani, na kila walipoingia wanafunzi wapya wa kujifunza kuiendesha, fyuzi zilikatika karibu mara tatu kwa wiki. Kadiri muhula ulivyosonga, na wanafunzi wakaizoea, zikaacha. Alipoijaribu kwa makusudi aliliona kosa lilelile ndani ya programu. Lilikuwamo muda wote, wala halikumuunguza mtu, kwani kila lilipotokea fyuzi ilikatika na mtambo ukazimika. Kwa hiyo programu iliyosifiwa kuwa imethibitishwa na miaka ya kazi ilikuwa imelindwa kwa miaka hiyo na vipande vya waya.

Mwezi wa Januari 1987, huko Yakima katika jimbo la Washington, kosa jingine lilijitokeza. Programu ilitumia tarakimu moja kama alama ya kwamba sahani haijakaguliwa, ikaiongeza moja kila ilipopita. Nafasi yake ilitosha mpaka 255 tu. Mara ya 256 ilirudi kuwa sifuri, na sifuri maana yake ilikuwa hakuna haja ya kukagua. Mwendeshaji alibonyeza kitufe katika punje hiyo ya muda. Mgonjwa alifariki mwezi wa Aprili.

Februari 1987 wakuu wa afya wa Marekani na Kanada walitaka mitambo isimamishwe. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, umeieleza kwa urefu safari ya masahihisho. Mengi yalikuwa ya programu, na lile la Yakima lilihitaji tu kuweka tarakimu isiyobadilika mahali pa kuongeza moja. Lakini yaliongezwa pia ya chuma: kipimo cha kumwonyesha mwendeshaji sahani ilipo, na mkondo wa umeme uliojitegemea, ulioweza kukata mionzi baada ya pigo moja pasipo kuiuliza kompyuta.