Jinsi ya kusafisha viti na zulia la gari kwa vifaa vya nyumbani

WAMILIKI wa magari katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hukabiliwa na maadui wawili kila mwaka: vumbi la kiangazi na tope la masika. Kuanzia Embakasi na Donholm hadi Kayole na Njiru, sehemu kubwa ya ardhi ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hunata viatuni mvua inyeshapo. Abiria huuingiza garini, nao hujipenyeza katika nyuzi za zulia.

Magari mengi ya kibinafsi nchini Kenya huagizwa kutoka Japan yakiwa yamekwisha kutumika, na viti vyake aghalabu ni vya kitambaa kinachofyonza jasho, chai na mafuta. Kuvisafisha hakuhitaji dawa ghali. Kunahitaji kujua kipi huondoa nini, na kipi hakifai kuchanganywa na kingine, kwani kosa moja laweza kuharibu kiti au kuhatarisha maisha.

Maji machache yatosha

Kwa kuwa mitaa mingi ya eneo hilo hupata maji kwa mgao, ni faraja kwamba kazi hii huharibika maji yanapozidi. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha gari dogo.

Kwanza, tope liachwe likauke kabisa. Tope bichi likisuguliwa huzama zaidi. Vizulia vya miguuni vitolewe na kukung'utwa, kisha zulia na viti vipigwe brashi na kufagiliwa, au vipitishwe mashine ya kufyonza vumbi.

Baada ya hapo, kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kitiwe katika lita moja ya maji vuguvugu na kukorogwa hadi povu lijae. Povu peke yake ndilo lipakwe kwa brashi laini, sehemu ndogo baada ya nyingine. Uchafu ufutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa vyema, halafu taulo kavu likandamizwe juu ili linyonye unyevu. Kabla ya yote, povu lijaribiwe mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kiti, kuhakikisha kwamba rangi haitoki.

Madoa na dawa zake

Maziwa, chai ya maziwa, matapishi na damu huondolewa kwa maji baridi. Maji ya moto hugandisha protini na kulifanya doa kuwa la kudumu.

Mafuta ya chipsi au nyama choma hunyunyiziwa poda ya mtoto au unga laini wa mahindi, yakaachwa nusu saa ili yafyonzwe, kisha yakapigwa brashi na kuoshwa kwa povu. Ubani wa kutafuna hugandishwa kwa barafu iliyotiwa katika mfuko wa plastiki, halafu hukwanguliwa. Wino hufutwa kwa kitambaa kilichotiwa spiriti, kutoka ukingoni kuelekea katikati ili usitapakae.

Harufu ya matapishi au mkojo wa mtoto hupungua kwa siki iliyochanganywa na maji, kiasi kwa kiasi. Bikaboneti ya soda, ile itumiwayo katika keki, hunyunyizwa juu ya zulia kavu usiku na kufagiliwa asubuhi. Isichukuliwe magadi ya kupikia badala yake. Magadi, kama yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, ni makali zaidi na yaweza kufifisha rangi au kuharibu ngozi.

Mambo ya kuepuka

Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, haifai kutumiwa garini. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, ambayo hupatikana katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Ndani ya gari lililofungwa, gesi hizo hujaa upesi. Mtu akianza kukohoa au kuwashwa macho, atoke mara moja na kuacha milango wazi. Akitatizika kupumua, apelekwe hospitalini.

Petroli nayo, ingawa huondoa grisi, ni hatari kubwa. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu.

Jiki pia hudhoofisha nyuzi za mikanda ya usalama. Tangu Februari 2004, kanuni zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, mikanda imekuwa ya lazima katika matatu, na mkanda mchafu huwafanya abiria wasite kuufunga. Uvutwe wote, ufutwe kwa sabuni hafifu na maji, nao usirejeshwe kabla ya kukauka.

Chini ya viti hupita nyaya za umeme, zikiwemo za mifuko ya hewa katika magari mengi. Hapo pafutwe tu, pasimwagiwe maji.

Kukausha

Kazi ianze asubuhi ya siku ya jua, na milango iachwe wazi hadi viti vikauke. Vizulia viinuliwe ili sakafu ipate hewa. Zulia likifungiwa na unyevu huota kuvu, ambayo huwaathiri hasa wenye pumu, na bati la sakafu huanza kushika kutu.

Maji machafu yamwagwe chooni, si katika mitaro ya mvua ambayo huelekea Mto Nairobi na Mto Ngong. Gari likifagiliwa kila wiki na doa kufutwa siku lilipomwagika, kuosha viti vyote hakutahitajika mara nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.