Ng'ambo ya Mpaka: Tororo Inayoonyeshwa na Busia Inayoishi

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, darasa letu la historia lilifunga safari ya mafunzo kwenda mashariki mwa Uganda. Ratiba ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza tungepanda Mwamba wa Tororo na kuzunguka mjini. Siku ya pili tungetembelea kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, tupige picha, kisha turudi Kampala kabla giza halijaingia. Wenzangu walifurahi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu Busia ndiko nilikozaliwa, na katika ratiba ile sikuona mahali hata pamoja ninapopajua.

Nyumba yetu iko Sofia, mtaa wa upande wa Uganda ulioshikana na mpaka. Hapo kwetu hakuna mto wala ukuta unaotenganisha nchi mbili. Kuna mtaro, kuna njia ya vumbi, na ng'ambo ya njia hiyo kuna nyumba za mabati kama zetu, ambazo ni Kenya. Nilipoanza shule ya sekondari Tororo, nikiulizwa ninatoka wapi, nilikuwa najibu "karibu na Tororo." Busia ilikuwa na sifa ya magendo na vumbi, Tororo ilikuwa na mwamba na uwanja wa gofu. Sikutaka kuchekwa. Insha hii ni jaribio la kuelewa aibu ile ilitoka wapi, maana sidhani kwamba niliibuni mwenyewe.

Mwanga wa kwanza niliupata katika somo la Kiswahili, si la historia. Mwalimu wetu alitueleza kuhusu mji wa Zanzibar na sehemu zake mbili. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, milango ya nakshi na watalii. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Upande wa pili, kuvuka ule mkono wa bahari uliokuja kufukiwa baadaye, ni Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida: wachukuzi, mafundi, wavuvi, watu waliotoka utumwani na wajukuu wao. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alikuwa mtu wa Ng'ambo. Mgeni anaweza kukaa Unguja wiki nzima asivuke barabara kwenda kuiona. Nikajiuliza nani aliamua kwamba upande wa pili ndio uitwe ng'ambo. Jina hilo linaeleweka tu ukiwa umesimama Mji Mkongwe. Sisi wa Busia hulitumia neno hilohilo kila siku, lakini kwetu linageuka kulingana na msemaji: Kenya ni ng'ambo kwetu, nasi ni ng'ambo kwao. Hakuna aliye katikati.

Turudi Tororo. Mwamba wenyewe ni masalia ya volkano ya kale, na kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Wapandaji hutumia ngazi sehemu zilizo kali. Ukifika juu unaona mji umelala chini umepangwa kama daftari la mistari: barabara zilizonyooka, maduka yenye varanda, hekalu la Wahindu, miti mikubwa kwenye nyumba za zamani za maofisa. Ni mji mzuri, sikatai. Lakini uzuri huo una tarehe na una mwenyewe.

Reli ndiyo iliyoufanya Tororo kuwa mji. Reli ya kwanza kutoka Mombasa iliishia Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za Uganda zikawa zinavuka ziwa kwa meli. Njia mpya ilipitishwa Eldoret, ikafika huko mwaka 1924, ikashuka hadi Malaba na kuingia Uganda. Ilifika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda, kwa kuwa hapo ndipo lilipochipuka tawi la kwenda Mbale na Soroti, lililokamilika mwaka 1929 kwa ajili ya kusomba pamba. Mji ukapangwa kama ilivyokuwa desturi ya serikali ya kikoloni: Wazungu penye hewa safi, Wahindi kwenye maduka, Waafrika pembeni. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaja kiwanda cha saruji, kikitegemea chokaa ya mawe ya vilima vya Sukulu. Vumbi lake liliangukia mitaa ya wafanyakazi. Kwenye picha za mwamba sijawahi kuiona mitaa hiyo.

Busia reli haikupita. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa maoni yangu ndilo linaloeleza karibu kila kitu. Mji usio na stesheni haukuwa na sababu ya kuchorewa ramani nzuri. Busia ilikua kwa barabara ya kutoka Kisumu kwenda Jinja, na ilikua kwa sababu ya mpaka wenyewe.

Na mpaka huo haukuwa hapo tangu zamani. Hadi Aprili 1902, Kisumu na nchi yote mpaka Naivasha ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza walipoihamishia upande wa pili, ili reli iwe chini ya utawala mmoja, mstari ukapita katikati ya Wasamia na Wateso bila wao kuulizwa. Amri ya mwaka 1926 ikauthibitisha, kwa kufuata Mto Sio upande wa ziwani na Malaba upande wa kaskazini. Watu wakaendelea kuoana kama kawaida. Mfano unaojulikana sana ni wa ukoo wa Awori: Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008, na ndugu yake Aggrey Awori alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini nchini Uganda, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001. Watu wa mbali hushangaa wakisikia hivyo. Kwetu haishangazi, kinachoshangaza ni kwamba wote wawili walifanikiwa.

Wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru mstari ule haukuwa mzito. Mpaka mwaka 1966 hata pesa zilikuwa zilezile, shilingi ya Afrika Mashariki. Uzito ulikuja baadaye. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Waasia kwa kuwapa siku tisini, na maduka ya Tororo yenye varanda yakabaki bila wenyewe na punde bila bidhaa. Hapo ndipo Busia ilipoanza kuilisha Tororo. Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya kupikia vilitoka Kenya. Kahawa ya Uganda ilikwenda Kenya. Serikali iliita biashara hiyo magendo na kuitolea adhabu kali. Nyanya yangu, aliyeifanya, anaiita "kutafuta sabuni." Alikuwa anavuka alfajiri na mtoto mgongoni, na sabuni ya miche anaifunga chini ya mtoto. Mtoto huyo ni baba yangu.

Ilikuwa pia enzi ya baiskeli. Vituo vya ukaguzi vya nchi mbili vilikuwa mbali kidogo, na anayeshuka basi upande mmoja alilazimika kutembea na mizigo kati yake. Vijana wenye baiskeli walipata riziki hapo, wakiita abiria "boda, boda," yaani mpaka hadi mpaka. Inasemekana ndipo lilipotoka jina ambalo leo linatumika Kampala, Nairobi na hata Dar es Salaam. Malaba nao wanadai jina ni lao. Sitaki ugomvi na majirani. Ninachosema ni kwamba neno maarufu kiasi hicho halikuzaliwa chini ya mwamba. Lilizaliwa kwenye vumbi la mpakani, midomoni mwa vijana waliokuwa wakinyonga pedali.

Kulikuwa na wengine ambao wageni hawawasikii kabisa. Watu wenye ulemavu wa miguu walitumia baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, wakazigeuza kuwa mikokoteni ya kuvusha mizigo. Maofisa waliwaonea huruma au waliona haya kuwapekua, na wafanyabiashara wakaligundua hilo upesi. Watu ambao kwingine wangeachwa wakiomba barabarani, Busia walisomesha watoto na kujenga nyumba. Ukusanyaji wa kodi ulipokazwa baada ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda kuanzishwa mwaka 1991, nafasi yao ilizidi kufinywa. Nilikua nikiwaona, mmoja wao alikuwa akinibeba juu ya magunia hadi karibu na shule. Sikujua kwamba hiyo ni historia.

Mpaka umewahi kufungwa mara kadhaa. Mwaka 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, akitaja mstari ule wa kabla ya 1902, na uhusiano ukaharibika. Desemba 1987 majeshi ya nchi mbili yalirushiana risasi hapohapo Busia. Lakini kufungwa ninakokukumbuka mimi ni kwa mwaka 2020. Machi mwaka huo Uganda ilizuia watu kuvuka kwa sababu ya korona; malori ya mizigo yaliruhusiwa. Kituo cha pamoja, kile kilichozinduliwa na Rais Museveni na Rais Kenyatta Februari 2018, kilikuwa na safu ndefu za malori na madereva waliosubiri vipimo. Kwenye taarifa za habari mpaka ulionekana unafanya kazi. Sofia ilikuwa kimya. Wanawake waliokuwa wakivusha maharage, mayai na ndizi walikaa vibarazani.

Mei ya mwaka huo dada yake nyanya alifariki. Aliolewa ng'ambo, na boma lake liko umbali wa kutembea kama robo saa kutoka kwetu. Walizikwa watu kwa haraka siku hizo, waombolezaji wachache. Vijana wa mtaani walimwambia nyanya kwamba wangemvusha kwa njia ya panya usiku. Alikataa. "Nimepita njia hiyo kutafuta sabuni," alisema. "Siwezi kupita hiyo kwenda kumzika dada yangu kama mwizi." Asubuhi ya maziko alitoa kiti nje, akakielekeza ng'ambo, akakaa. Upepo ulipotulia tulisikia wakiimba. Yeye aliimba pamoja nao kwa sauti ya chini, akiwa amechelewa kidogo kila mstari, mpaka wakamaliza.

Kwa hiyo unielewe, msomaji, kwa nini siku ya pili ya safari yetu ilinikwaza. Ofisa aliyetupokea kituoni alikuwa mkarimu na alifafanua vizuri: zamani lori lilisimama pande mbili, sasa linasimama mara moja, muda umepungua, Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2010 inamruhusu mwananchi kusafiri. Yote ni kweli, na ni maendeleo. Ila katika saa nzima hakutaja mtu hata mmoja anayeishi hapo. Mwenzangu wa kutoka Mbarara aliinua mkono na kuuliza, "Watu wa Busia wenyewe wanakaa wapi?" Ofisa alionyesha kwa mkono, nyuma ya uzio, akaendelea na maelezo ya mizani.

Mkono ule ulielekea kwetu.

Mhadhiri alitupa saa moja ya chakula cha mchana. Nilimfuata, nikamwambia kwamba mimi ni mtoto wa hapa, na nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani na wenzangu wanne. Alinitazama kwa mshangao. "Mbona hukusema tulipokuwa tunapanga ratiba?" Sikuwa na jibu la heshima. Tulipita sokoni, tukawapita wabadilisha fedha na vibunda vyao vya noti, tukaingia vichochoro ambavyo nilikuwa sijavipita miezi minane. Niliwaonyesha mtaro. Yule wa Mbarara aliuliza Kenya iko wapi, nikamwambia ni pale penye kuku wale. Alidhani natania. Akavuka, akarudi, akavuka tena, akasimama na miguu yake pande mbili, na mtoto mmoja wa ng'ambo akamcheka hadi akakaa chini.

Nyanya alikuwa kibarazani na meza yake ya nyanya, vitunguu na dagaa. Wenzangu walimwamkia "Shikamoo, nyanya," naye akawajibu "Marahaba, wanangu," kisha akaanza kumhoji kila mmoja kwao ni wapi na mama yake ni wa kabila gani. Mmoja alinunua vitunguu, nadhani kwa adabu tu. Alitoa noti ya Uganda. Nyanya alifungua kitambaa chake, akahesabu chenji, na kwa kuwa sarafu za Uganda hazikutosha, akamalizia kwa shilingi kumi ya Kenya.

"Hii nitaitumia wapi Kampala?" mwenzangu akauliza.

"Kwani hutarudi?" nyanya akamjibu, na kumfungia vitunguu.