findmnt

findmnt ni amri ya Linux inayoorodhesha mifumo ya faili iliyopachikwa na kutafuta ndani ya orodha hiyo. Imo katika furushi la util-linux. Ikiandikwa peke yake, huchora mti unaoanzia kwenye mzizi (/), ukionyesha mahali pa kupachikia, chanzo, aina ya mfumo na chaguo zake. Taarifa huzisoma katika /proc/self/mountinfo, inayotolewa na keneli yenyewe tangu toleo la 2.6.26, hivyo huaminika kuliko faili ya zamani ya /etc/mtab, iliyoweza kupitwa na wakati.

Ubora wake hasa umo katika kutafuta. Amri ya mount humwaga kila kitu, pamoja na mifumo pepe kama proc na sysfs, na msimamizi huishia kuchuja kwa grep. “findmnt -t ext4” huleta aina hiyo tu. Chaguo -S hutafuta kwa chanzo, iwe kifaa, lebo au UUID. Lenye manufaa zaidi ni -T: hupokea njia ya faili yoyote na kueleza iko kwenye mfumo upi, jambo la thamani kubwa diski inapojaa ghafla.

Chaguo --verify hukagua /etc/fstab, faili inayoorodhesha mifumo ya kupachikwa mashine inapowaka. Kila msimamizi wa seva alizoee kabla ya kuwasha mashine upya, kwani kosa dogo humo laweza kuizuia kuwaka.