TREM2: Jeni ya Kinga Iliyofichuliwa na Mifupa

Jeni ya TREM2 iko kwenye kromosomu ya 6. Protini inayotokana nayo hukaa juu ya utando wa baadhi ya seli za kinga, ikipokea ishara kutoka nje ili zipelekwe ndani. Ilitambuliwa mwaka 2000, ingawa ugonjwa uliokuja kudhihirisha uzito wake ulikuwa umeshaandikwa miaka ya 1970, kwanza na Panu Hakola nchini Finland, kisha na Nasu nchini Japani.

Ugonjwa wa Nasu-Hakola ni adimu na ni mkatili. Mtoto hukua akiwa mzima. Akifika miaka ya ishirini na kitu, vifundo vya miguu na vya mikono huanza kumuuma. Eksirei huonyesha mashimo ndani ya mifupa, na kujikwaa kidogo tu hutosha kuivunja. Miaka kumi hivi baadaye tabia hubadilika: mtu mpole hupoteza staha, hushindwa kuamua mambo yake, mwishowe hata kumbukumbu humtoka. Wengi hufariki wakiukaribia umri wa miaka 50.

Mifupa na ubongo vina uhusiano gani? Mwaka 2000 kundi la watafiti la Leena Peltonen lilikuta kwamba wagonjwa wa Finland walikuwa na hitilafu katika jeni ya TYROBP. Zilibaki familia ambazo jeni hiyo ilikuwa salama kwao; mwaka 2002 ikabainika kuwa kwao iliyoharibika ni TREM2. Protini za jeni hizo mbili hufanya kazi pamoja: ile ya TREM2 hupokea ishara, ile ya TYROBP huipitisha. Tena hupatikana katika seli zinazomeng'enya mfupa mkuukuu na katika mikroglia, seli za kinga za ubongo alizozieleza Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919.

Anayeugua Nasu-Hakola amerithi hitilafu kwa baba na kwa mama. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa kutoka Iceland, yalitangaza kwamba hata nakala moja ya TREM2 yenye badiliko liitwalo R47H huongeza hatari ya Alzheimer takriban mara tatu. Huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote katika historia hii. Kwa muda mrefu mikroglia zilidhaniwa kufika baada ya madhara kutokea. Sasa ilionekana kwamba udhaifu wao wenyewe unaweza kuufungulia ugonjwa njia. Katika panya, mikroglia huzingira mabaka ya amiloidi, protini inayolundikana katika ubongo wenye Alzheimer, na kuyabana. Zikikosa TREM2, hushindwa kuyazingira, mabaka husambaa na nyuzi za neva zilizo karibu huharibika.

Matumaini ya tiba yakafuata. Lakini mwaka 2024 ilitangazwa kwamba kingamwili iliyotengenezwa kuichochea TREM2, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer ya hatua za mwanzo, haikupunguza kasi ya ugonjwa.