Uraia wa watoto wa wahamiaji (Uingereza)

Kuzaliwa Uingereza pekee hakutoshi kumpa mtoto uraia. Sheria ya Uraia ya 1981, iliyoanza kutumika 1 Januari 1983, inataka baba au mama awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Mtoto aliyekosa sifa hiyo anaweza kusajiliwa mzazi akiipata kabla yeye hajafikisha miaka 18, au akiishi huko miaka 10 ya kwanza ya maisha yake bila kuwa nje zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote. Njia hii ya pili haijali kibali cha ukaazi cha wazazi. Kazi ngumu ni ushahidi, kama kumbukumbu za kliniki na barua za shule. Siku za kuwa nje zikizidi 90, serikali inaweza kusamehe. Ada ni kubwa mno, ingawa tangu 2022 familia zisizojimudu huweza kuomba msamaha.