Kibofu na Lango Lake: Jinsi Watu Walivyojifunza Kupima Njia ya Mkojo wa Mnyama



Huenda umepata kuona jambo hili zizini mwako au kwa jirani. Maksai wa kukokota plau anasimama amekunja mgongo, anatikisa mkia, anajikamua, wala hakitoki kitu ila matone mawili matatu. Kesho yake ghafla ametulia. Mwenyewe anashukuru Mungu, anasema ng'ombe amepona. Kumbe hajapona! Kibofu kimepasuka, mkojo unamwagikia ndani ya tumbo. Siku chache baadaye tumbo limetuna, na mnyama amekufa. Plau imebaki imeegemea ukuta, na mvua ndizo hizo zinakaribia.

Kwa nini utulivu ule uwe dalili ya kifo na si ya afya? Kulijibu swali hilo kuliwachukua watu miaka mingi, na jibu lilipatikana kwa kupima. Basi leo tuifuate historia hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya viungo vyenyewe. Kibofu ni mfano wa kiriba cha ngozi, na mrija wa kutolea mkojo ni mdomo wa kiriba uliofungwa. Wakati wa kuhifadhi, kiriba hulegea na mdomo hukaza. Wakati wa kutoa, kiriba hukaza na mdomo hulegea. Zamu hizo zikivurugika, mnyama ama atavuja, ama atazibwa. Taabu ni kwamba ukimtazama kwa nje tu huwezi kujua kosa liko wapi: katika kiriba, au katika mdomo?

Wa kwanza kupima msukumo wa damu ndani ya mwili wa mnyama alikuwa kasisi Mwingereza, Stephen Hales wa Teddington. Alimlaza farasi jike, akaunganisha mshipa wake wa damu na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima, akatazama damu inapanda hadi wapi. Ilipanda futi 8 na inchi 3. Habari hiyo aliitoa katika kitabu chake cha mwaka 1733. Farasi yule hakupona. Elimu hii ililipiwa na wanyama tangu mwanzo. Lakini njia ilikuwa imepatikana: urefu wa maji ndani ya bomba unakuambia nguvu inayoyasukuma. Hata leo msukumo wa kibofu unaweza kuandikwa kwa sentimita za maji.

Ilipita zaidi ya karne moja. Katika mji wa Turin, Italia, Angelo Mosso na mwenzake Pellacani waliunganisha kibofu na chombo cha kuandika mabadiliko yake, wakapima mbwa na binadamu pia. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1881 na 1882. Wakati huo kulikuwa na ubishi: je, mkojo husukumwa na misuli ya tumbo, au na kibofu chenyewe? Hao wawili walionyesha kwamba kibofu hukaza chenyewe, hata misuli ya tumbo isiposaidia. Waliona pia kwamba kitu kidogo tu cha kumshtua mnyama kinatosha kukifanya kibofu kikaze.

Hilo la mwisho wewe unalijua, ndugu mfugaji, ingawa hukuwa na chombo. Ng'ombe akishtushwa hukojoa. Na bwana mifugo akitaka mkojo wa kupima kutoka kwa ng'ombe jike, humsugua polepole chini ya uke, na mkojo huja.

Je, amri ya kukaza na kulegea inatoka wapi? Daktari F. J. F. Barrington wa London aliitafuta kwa paka. Mwaka 1925 alieleza kwamba sehemu ndogo katika shina la ubongo ikiharibiwa pande zote mbili, paka hawezi tena kumaliza mkojo wake, ijapokuwa kibofu ni kizima na njia iko wazi. Sehemu hiyo ingali inaitwa kwa jina lake. Hapo ikafahamika kuwa mnyama aliyeumia uti wa mgongo anaweza kushindwa kukojoa bila ya kuwa na jiwe wala uvimbe wowote. Njia ya kupitisha amri ndiyo iliyokatika.

Mwaka 1927 Dalton Rose wa St. Louis, Marekani, alitangaza chombo cha kupimia kibofu cha wagonjwa, kiitwacho sistomita. Kibofu kinajazwa maji kidogo kidogo kwa mpira mwembamba, huku msukumo ukiandikwa. Kibofu kizima hupokea maji mengi bila msukumo kupanda sana, kisha hukaza kwa nguvu wakati wa kutoa. Kibofu kilichochoka hakikazi.

Lakini hicho ni kiriba tu. Mdomo je? Mwaka 1969 Brown na Wickham walieleza njia ya kuupima: mpira wenye matundu ubavuni unavutwa nje taratibu huku maji yakipita ndani yake, nao unaonyesha mahali ambapo mrija umebana na pale ulipolegea. Katika miaka ya 1980 madaktari wa mifugo wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani walikuwa wakiwapima mbwa kwa njia hiyo. Uchunguzi wa Zurich, Uswisi, uliotolewa mwaka 1989, ulionyesha kuwa katika mbwa jike waliohasiwa, kadiri ya mmoja kati ya watano alivuja mkojo. Vipimo vilionyesha kwamba kwa wengi wao udhaifu uko mdomoni. Kwa hiyo hutibiwa kwa dawa za kukaza mrija.

Kipimo nacho kina udhaifu wake. Mnyama hakubali kulala kimya, naye akipewa dawa ya kumtuliza, dawa hiyo yenyewe hulegeza viungo na kubadili hesabu. Ndiyo maana wataalamu humlinganisha mgonjwa na wanyama wazima waliopimwa kwa namna ile ile.

Haya, tumrudie maksai wetu. Yeye hana haja ya sistomita. Kosa lake mara nyingi ni jiwe dogo lililokwama mdomoni mwa kiriba. Mrija wa ng'ombe dume ni mrefu, tena umejikunja mfano wa herufi S, na jiwe hunasa papo hapo. Kwa mbuzi na kondoo dume hunasa hata kwenye kijimkia chembamba cha ncha ya uume. Mwaka 1957 Marsh na Safford wa Marekani walipima mirija ya ndama, wakaona kwamba waliocheleweshwa kuhasiwa walikuwa na mrija mpana zaidi. Lakini kuchelewa nako kuna maumivu na hatari zake, kwa hiyo shauriana na bwana mifugo.

Sasa unaona kwa nini utulivu ule si kupona. Kiriba kilikuwa kinakaza, mdomo umezibwa, msukumo ukapanda mpaka ngozi ikapasuka. Maumivu ya kujikamua yalikwisha kwa kuwa kiriba chenyewe hakipo tena. Kwa sababu hiyo hiyo, usimnyweshe maksai aliyezibwa dawa ya kukojosha, iwe ya dukani au ya mizizi. Unaongeza maji katika kiriba kisicho na pa kutokea.

Kipimo chako wewe ni macho. Dume hukojoa kwa vipindi vipindi hata akiwa mzima, hilo lisikutishe. Bali akijikamua bila kutoa, nywele za ncha ya govi zikiwa kavu au zina chembe kama mchanga, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Na kabla ya hayo, mpe maji safi ya kutosha na chumvi, wala usimlishe pumba tupu, kwani fosforasi iliyozidi ndani yake husaidia kutengeneza mawe.

Tangu farasi wa Teddington hadi paka wa London, wanyama wengi walitoa maisha yao ili tujue kuuliza swali moja: ni kiriba, au ni mdomo? Liulize mapema, ndugu mfugaji, ng'ombe angali anajikamua. Akishatulia, umechelewa.